Tambuu ya Begum Kudsia

Kwetu Nurgarh, mgeni wa jumba la Nawabu, aliyekuwa mtawala wetu, haagi mwenyewe. Anakaa mpaka apewe tambuu. Akiipokea, ndiyo ruhusa, ainuke aende zake. Nawabu alikufa zamani, na katika jumba zima vimebaki vyumba viwili visivyovuja, lakini mjane wake, Begum Kudsia, desturi hiyo hajailegeza hata kidogo. Mimi ni jirani yake, binti wa aliyekuwa mpishi wao, na kila asubuhi humpelekea majani ya tambuu.

Siku ya kuja mjukuu wake Sarfaraz kutoka Kanada, aliniita mapema.

"Firdausi, leo usilete majani."

"Sasa mgeni atatokaje, Bi Mkubwa?"

"Nani kakuuliza?"

Nikaelewa, na moyo ukaniuma. Kijana alikuwa amepiga simu kwamba anapita tu, jioni anarudi Delhi kwa treni. Begum alitamani alale hata usiku mmoja, ila kumwomba asingeweza. Watu wale hawakufundishwa kuomba.

Basi Sarfaraz akala kebabu, akala tambi za maziwa, akasimuliwa habari za tembo wa jumba waliokufa kabla baba yake hajazaliwa. Jua likashuka. Akatupia saa yake jicho, akalitazama begi lake mlangoni, lakini hakuinuka. Baba yake alikuwa amemlea vizuri. Nilimwonea huruma, na bibi yake nikamkasirikia, maana mtu mzima akianza ukaidi humwezi.

"Bibi," akasema mwishowe, kwa upole, "tambuu bado?"

"Firdausi kasahau majani. Siku hizi hana kichwa kabisa."

Eti mimi.

Nje bajaji iliyokuja kumchukua ikapiga honi. Begum akamtazama mjukuu wake usoni kwa muda, kisha akavuta kijaluba chake cha fedha. Chini ya kitambaa kibichi palikuwa na jani moja, amelificha hata mimi nisijue. Akapaka chokaa, akatia katu, popoo na iliki, akalikunja.

"Haya, mwanangu, pokea. Usije ukachelewa treni kwa ajili ya kizee."

Sarfaraz hakunyoosha mkono.

"Mbona unanifukuza, Bibi? Yule tembo aliyeingia msikitini hujaniambia alitolewaje." Kisha akanigeukia mimi. "Shangazi, tafadhali mwambie dereva aende. Aje kesho, au keshokutwa."

Nilikwenda mbio, nisije nikalia mbele yao. Niliporudi, Begum alikuwa ameitia tambuu kinywani mwake mwenyewe, anaitafuna polepole, machozi yanamtiririka.

"Chokaa imezidi," akasema.

Haikuzidi. Nilimwona akiipaka.