Pua ya Jerotich

Kazi ya Jerotich ilikuwa kunusa. Mwambie mtu wa Nakuru mjini kwamba kuna binadamu anayerauka alfajiri kwenda kunusa, atacheka mpaka ashike mbavu, na kesho yake atakunywa chai bila kujua nani alimwepusha na tumbo la kuendesha. Kila asubuhi, katika kituo cha ushirika cha kupozea maziwa nje kidogo ya Molo, wakulima walipanga mitungi yao barazani. Jerotich alitoa kitambaa chake cheupe kwenye mfuko wa nailoni, akakifunga kichwani, akaanza. Anafunua kifuniko, anainama upesi kabla harufu haijatoroka, anavuta pumzi. Yakiwa mazuri anapita. Yakiwa na walakini, mtungi unarudi nyumbani na mwenyewe. Kwa miaka mingi hakuna mkulima aliyethubutu kubishana na pua ile.

Halafu kiwanda kilirudisha lori zima la maziwa, na amani ikaisha. Kosa halikuwa la Jerotich, mtambo wa kupozea ndio uliozimika, lakini meneja wao Wamalwa alihitaji mtu wa kumfokea. Wamalwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepigiwa simu. Kila aliyopigiwa na wakubwa aliileta barazani ikiwa bado moto, akaimwaga kwa aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni mnusaji. Jerotich akaanza kuamka meno yameumana. Akasahau chumvi kwenye mboga, akasahau mlango wazi kuku wakaingia. Jioni moja alikaa jikoni na mama yake, Chepkosgei, akashindwa hata kumega ugali.

"Mama, hii kazi inaniharibu," alisema. "Naharibika kabisa."

Mama yake aliinama mekoni. Alisukuma ukuni ndani ya moto, akamtazama, akaondoa sahani.

Ofisini nao waliona watu wanazidi kunyong'onyea, wakamleta mtaalamu wa mambo ya stresi kutoka mjini, msichana mchangamfu aitwaye Shantel. Aliwakalisha wafanyakazi juu ya kreti zilizopinduliwa na kuwafundisha kupumua, kana kwamba tangu wazaliwe walikuwa wakifanya kitu kingine. Ndani kwa pua, shikilia, nje kwa mdomo. Kisha akawaambia neno lililomkaa Jerotich kooni: stresi ikizidi, mwili unaweza kukudanganya. Unaweza kusikia kisichokuwepo.

Wiki iliyofuata Jerotich akafunua mtungi wa kwanza, mvuke wa maziwa yaliyokamuliwa muda si mrefu ukampanda usoni, na ndani ya mvuke ule akasikia moshi.

Si moshi mkali. Ulikuwa mwembamba, mtamu kidogo, unakuja na kupotea. Lakini kiwanda hakitaki maziwa yenye moshi, uwe mtamu au mchungu. Mtungi ulikuwa wa Mzee Kipkemoi, mtu anayesugua chombo chake kuliko wengine wanavyosugua watoto wao. Jerotich aliurudisha. Akafunua wa pili: moshi. Akarudi kwa ule wa kwanza, hakuna kitu. Akainama zaidi, moshi huo hapo.

"Mama, maziwa yangu yana nini?" Mzee Kipkemoi aliuliza.

"Yana moshi, mzee."

"Moshi umetoka wapi na mimi napika na gesi?"

Jerotich aligeuka nyuma. Alimwita Oduor, mwenzake wa mizani. Oduor akainama juu ya mtungi, akanusa, akamtazama Jerotich kidogo, akatazama chini.

"Kwa mtungi sisikii kitu, Jero," alisema, akarudi mizani haraka haraka.

Wamalwa akaitwa, akaja na simu sikioni. Alinusa, akanusa tena. "Hizi maziwa ziko sawa! Wewe unataka kunimaliza?" Lakini Kipkemoi alikuwa ameshapakia mtungi wake kwenye mkokoteni wa punda na kuondoka kwa hasira. Baadaye walisikia maziwa yale aliwamwagia mbwa.

Basi ikawa hivyo. Siku moja moshi upo, siku mbili upo, siku inayofuata umepungua, halafu umerudi. Jerotich akawa hajui tena anusacho. Akipitisha mtungi, roho inamwambia umepitisha moshi. Akiurudisha, macho ya mwenye mtungi yanamfuata hadi nyumbani. Alijaribu kunusa vitu ambavyo alivijua, ili ajue pua imefia wapi. Sabuni ilinukia sabuni. Viazi vilivyooza kwenye gunia nyuma ya duka vilinuka viazi vilivyooza. Jumapili baada ya kanisa, mama yake alimmiminia mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la mti wa senetwet, kinywaji ambacho mgeni akikisogelea tu husikia moshi. Jerotich alinusa kikombe. Hakusikia moshi hata chembe.

Hapo ndipo alipoogopa kikweli. Penye moshi hausikii, pasipo na moshi anausikia. Alikaa na kile kikombe mkononi akajiambia kwamba yule msichana alisema kweli, mwili umeanza kumdanganya, na mtu ambaye pua yake inadanganya hana kazi tena pale barazani. Alitaka kumwambia mama yake, akaona aibu.

"Hicho kichwa chenye mawazo kinaendeleaje?" mama yake aliuliza.

"Kiko tu," alisema Jerotich, akameza.

Jumatatu Wamalwa alimsubiri mlangoni. Hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Jerotich, wakulima wanaanza kupeleka maziwa kwa wale wachuuzi wa Rongai. Leo ukirudisha hata mtungi mmoja na uko sawa, utaenda kuosha mitungi. Linah anayeosha sasa atashika hapa. Si mimi, ni wakubwa."

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alisimama Mzee Kipkemoi, amerudi kwa mara ya mwisho, uso umekazwa. Jerotich alifunga kitambaa, akafunua kifuniko chake. Moshi. Aliusikia waziwazi. Ayapitishe? Na kama safari hii ni kweli? Tanki zima litachafuka, na jina litakalotajwa ni lake. Ayarudishe? Kazi imekwisha.

"Nipe dakika, mzee," alisema.

Alikwenda nyuma ya stoo, akaegemea ukuta. Machozi yakamtoka. Hakuwa na leso, akavuta kitambaa kutoka kichwani, akajifunika uso wote asionekane. Kisha, kwa kuwa hakuna kingine alichobakiwa nacho, akafanya kile kijinga alichofundishwa juu ya kreti. Ndani kwa pua.

Moshi ukamjaa kifuani.

Alikishusha kitambaa, akavuta hewa ya baridi ya Molo. Hakuna. Akakirudisha puani, sehemu iliyoloa machozi. Moshi mwembamba, mtamu. Alikitazama kile kitambaa cheupe mbele na nyuma, haelewi kabisa. Kisha akakitupa juu ya kreti, akarudi barazani kichwa wazi, baridi ikimuuma masikioni, akainama juu ya mtungi wa Kipkemoi.

Maziwa. Maziwa matupu, yenye utamu wa nyasi za mvua.

"Yako sawa, mzee," alisema. "Hata ile siku yalikuwa sawa. Mimi ndiye nilikosea. Nisamehe."

Kipkemoi alimkazia macho, kisha akasukuma mtungi kwenye mizani. Hakusema amesamehe, lakini hakuupakia tena kwenye mkokoteni.

Foleni ilipokwisha, Jerotich alimpelekea Oduor kile kitambaa. "Nusa hii."

Oduor hakuhitaji hata kukisogeza. "Moshi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naisikia ukipita karibu." Oduor alijikuna shingo. "Lakini nilidhani ndiyo harufu ya kwenu nyumbani. Sasa mtu ataambia mwenzake aje maneno kama hiyo? Si utasema nimetukana kabila?"

Jerotich hakujua acheke au ampige na kile kitambaa. Aliondoka.

Nyumbani alimkuta mama yake anatenga vibuyu. Njia nzima alikuwa amepanga maneno makali, lakini yote yalipotea, likabaki moja.

"Mama, kitambaa changu cha kazi ukishakifua unakifanya nini?"

Chepkosgei aliinua uso, na ulikuwa na furaha, uso wa mtu aliyengoja aulizwe. "Umejua? Nakiosha, nakianika, halafu nawasha kijiti cha senetwet, nakipitisha juu ya moshi kidogo tu. Tangu ile jioni uliniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Kwamba unaharibika." Alishika kibuyu kilichokuwa magotini. "Sisi maziwa yasiharibike tunayapa moshi. Mimi sijui dawa nyingine, mwanangu."

Jerotich aliketi kwenye kigoda, akaelewa kwa nini mursik haikumnukia: pua iliyokulia ndani ya moshi huu huacha kuusikia ikiwa nyumbani. Alimwambia yote, mitungi iliyorudishwa, mbwa wa Kipkemoi, Linah, na kila alilosema lilimshusha mama yake mabega. Alijionea huruma na kumwonea huruma, hakujua ipi ianze.

"Basi nitaosha na sabuni tu," Chepkosgei alisema mwishowe.

"Sabuni tu, mama."

"Na wewe?"

Nje ng'ombe wa jirani alilia, akanyamaza. Jerotich alifikiri kusema niko sawa. Kesho Wamalwa atapigiwa simu tena.

"Mimi bado naharibika," alisema.

Mama yake alisimama, akavua shali lake zito, akamfunika nalo kichwa na mabega, akalivuta mbele mpaka likamziba uso. Jerotich akavuta pumzi kwa pua, akaishikilia. Safari hii, nyumbani kwao, moshi aliusikia.