Msichana wa Chaki

Gari la mbio la kujitengenezea huanzia kwenye mwili wa dereva. Kwa hiyo, Agosti ya mwaka juzi, nilimlaza binti yangu Briar ubavu kwenye sakafu ya banda, magoti yamekunjwa kama aliyeketi, nikamzungushia chaki. Nilipaka vanishi juu ya mstari usifutike. Kisha nikachora chasisi kumzunguka, nikaijaribu kwanza kwa mipini ya fagio badala ya paipu, ndipo nikakata chuma.

Majira mawili ya baridi tulichomelea, mvua ya huku kwetu Southland ikinong'ona juu ya bati. Nikishusha barakoa ya kuchomelea, dunia iligeuka kijani, kama chini ya ziwa, na humo alielea yule msichana wa chaki, mtulivu, bila kuzeeka. Kila kipimo nilikichukua kwake.

Zikiwa zimebaki siku nane kabla ya mbio za kwanza za Briar, Trevor, mkaguzi wa klabu yetu ya magari, alikuja na rula yake ndefu. Briar akaketi, akavaa helmeti. Trevor akaegemeza rula juu ya upinde wa chuma wa kulinda kichwa gari likipinduka, akaishusha hadi mbele ya usukani. Helmeti ilitakiwa iwe chini ya rula kwa sentimita tano. Iligonga.

"Jo, huyu ulimpima lini?"

"Nilimpima vizuri tu."

"Nimeuliza lini."

Briar akacheka ndani ya helmeti. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, Mama! Hata suruali zangu hukuziona?"

"Niliziona fupi. Nikadhani ndiyo fasheni."

"Gari halipiti," Trevor alisema. "Na upinde wa kuungaunga siupitishi. Subirini msimu ujao."

Briar akaacha kucheka. Alishika usukani, akitazama mlango wa banda kana kwamba barabara ilianzia pale. Hilo lilinitosha.

"Shuka," nikamwambia. "Trevor, kula hizo skonzi nilizokuokea, uende. Tuna kazi."

Nilikata upinde wote, kazi ya miezi miwili, ukaanguka ukilia kama kengele. Kisha Briar akalala tena sakafuni, juu ya yule mwenzake wa chaki. Visigino vyake vilivuka mstari wa zamani, na kichwa pia.

"Kumbe nilikuwa kadogo hivi?"

"Tulia, nisikuchore pua."

Safari hii chaki niliipitisha mbali kidogo na kichwa chake. Kwa siku sita tukakunja paipu moja nzima, isiyo na kiungo, tukaichomelea.

Jumapili ya mbio, Trevor aliweka rula, akapima mara mbili. "Sentimita kumi na mbili. Mbona nafasi kubwa hivi?"

"Bado anakua."

Akabandika stika ya ukaguzi. Briar akaondoka polepole kuingia kwenye ukungu wa asubuhi. Kwa muda niliona helmeti yake tu, ikielea chini ya upinde, na juu yake hewa tupu niliyomwachia.