Mzazi wa Kabatini

Jumanne asubuhi afisa misitu alivuta mlango wa kabati lake la nguo ukakataa. Ulikuwa umezibwa kwa udongo kuanzia juu mpaka chini, pakaachwa ufa wa kupitisha kidole. Kwenye ufa ule ulichungulia mdomo wa hondohondo jike.

"Mke wangu, kuna ndege kabatini."

"Nimemwona," alijibu mkewe, mkunga wa zahanati, akipiga pasi sare yake. "Anataga. Usimgongee."

Kabati lilikuwa la mvule, zawadi kutoka kwa mvuna magogo aliyeitwa Msumeno. Mti wenyewe ulikuwa umesimama katika msitu wa pwani, na ulikuwa na shimo ambamo hondohondo wale walizalia kila mwaka. Sasa walikuwa wameufuata. Dume aliingia kwa dirisha la jikoni mara kumi na mbili kwa siku na tunda mdomoni, akapita sebuleni kwa miguu ili asigonge taa, akamlisha jike kupitia ufa, akatoka.

Tatizo lilikuwa koti. Ndani ya kabati mlikuwa na koti la afisa, na ndani ya koti muhuri wa ofisi. Bila muhuri huo, kibali cha Msumeno cha kukata sehemu ya msitu iliyobaki kilikuwa karatasi tu. Malori saba yalishaegeshwa yakisubiri.

Afisa alichukua bisibisi. Mkewe akasimama mbele ya kabati.

"Wewe mwenyewe uliandika kile kipeperushi. Mwananchi wa kawaida afanye nini kulinda msitu? Namba nne: asisumbue ndege wanaozaa."

"Kile ni cha wananchi."

"Na mimi nani?"

Afisa akarudisha bisibisi. Aliandika barua makao makuu kuomba muhuri mpya. Barua ikarudishwa kwa kuwa haikupigwa muhuri. Akaandika nyingine kueleza kwamba muhuri ndio anaouomba. Nayo ikarudishwa kwa sababu ileile. Hivyo kwa wiki kumi na moja msitu ulilindwa na ndege mmoja, mkunga mmoja na kanuni moja ya ofisi. Kima walirudi kulala kwenye miti iliyokwisha kupakwa alama nyekundu.

Msumeno alikuja kila Ijumaa.

"Shemeji, ndege mmoja tu ndiye wa kutulaza njaa watu wazima?"

"Shemeji, mzazi hafukuzwi wodini," mkunga alimjibu. "Chai hiyo, kunywa uende."

"Basi nimlete fundi akate kabati kwa nyuma, taratibu. Hatashtuka."

"Ataanza na mimi. Mwambie mapema, asije akasema hakujua."

Msumeno akanywa chai.

Wiki ya kumi na mbili jike alibomoa udongo akatoka na makinda wawili wanono. Mkunga aliwapima uzito kwa mazoea, akaridhika, kisha akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti. Mkono wa mumewe ulikuwa umetangulia. Muhuri ulikuwa na kinyesi cha ndege. Afisa akaufuta kwa kiganja, na kibali kikagongwa palepale juu ya meza ya chakula.

Malori yaliondoka saa tatu kuelekea msituni.

Kufikia Ijumaa jozi kumi na tisa za hondohondo zilikuwa zimepanga foleni kwenye kamba ya nguo. Mkunga alitoa sufuria kwenye makabati ya nyumba nzima, akatoa vitabu, akatoa viatu, akakanda udongo ndoo mbili kwa sababu uani palikuwa pakavu. Afisa alimsaidia, hakuwa mtu mbaya. Alishika milango, akawaingiza majike mmoja mmoja, akamwomba radhi yule aliyemkanyaga mkia. Majirani walimsifu kwa moyo wake wa kupenda ndege.

Na yeye alikuwa amejifunza. Muhuri hakuuacha tena kotini. Aliufunga kwenye kamba, akauvaa shingoni, akaoga nao, akalala nao, na Jumatatu akaenda nao kazini, ambako vibali vingine vitatu vilikuwa vinamsubiri.