Wadudu Kibibi wa Meya

Zdravka Manolova alikuwa ameandika siasa miaka kumi na minane katika gazeti la Dolni Izvor, mji mdogo wa Bulgaria. Baada ya uchaguzi, mhariri wake, Kosta, alimwomba apumzike kidogo.

"Andika kitu kisichomuudhi mtu, dada. Mwezi mmoja tu."

Akaandika kuhusu wadudu kibibi, wale wadogo wa mviringo wenye madoa mgongoni. Ilikuwa Oktoba, na wale waliotoka Asia walikuwa wameanza kuingia majumbani kutafuta pa kulala msimu wa baridi. Alieleza kuwa waliletwa ili wale vidukari wanaofyonza mimea, na vidukari wakiisha hugeukia mayai ya wadudu kibibi wenyeji. Kwamba wengine ni wekundu, wengine weusi, wengine hawana doa hata moja. Na ukiwashika hujifanya wamekufa, huku wakitoa majimaji ya manjano yanayonuka, kwa hiyo wasipondwe.

Siku gazeti lilipotoka, muuza mikate alimpokea kwa kicheko. "Mama, umemvua nguo meya! Vyama vitatu kwa miaka kumi, leo mwekundu, kesho mweusi!"

"Nimeandika wadudu, Penka."

"Ndiyo, ndiyo. Wadudu!"

Jioni mji mzima ulikuwa unamwita meya Mdudu. Kesho yake katibu wa meya akapiga simu: Bwana Tsonkov anataka kumwona Alhamisi, saa tatu asubuhi. Siku tatu hizo Zdravka alipiga hesabu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, na matangazo ya manispaa ndiyo yaliyolipa nusu ya mishahara ya gazeti.

Alhamisi alimkuta Rangel Tsonkov amesimama juu ya kiti, kashika ufagio. Gazeti lilikuwa mezani, makala yake imezungushiwa wino.

"Afadhali umekuja," alisema meya, akashuka. "Hebu tazama."

Alifunua pazia. Kwenye pembe ya dirisha walikuwa wamerundikana mamia, wamebanana.

"Nyumbani ndiyo usiseme. Mke wangu anataka kupuliza sumu. Wewe umeandika tusiwaponde. Sasa tufanyeje?"

Zdravka alisogea dirishani. "Wafagie taratibu waingie kwenye boksi, uwapeleke ghalani penye baridi. Wakipata joto wataamka, na hawatakuwa na cha kula. Kisha uzibe nyufa za madirisha."

Meya aliandika kila neno. Halafu akaweka kalamu chini.

"Najua wanavyoniita huko nje."

"Bwana Meya, mimi sikukusudia..."

"Najua. Ungetaka kunisema, ungenitaja jina. Umenitaja miaka yote, mpaka la baba yangu. Mara nyingi nilitamani kukunyonga. Lakini hujawahi kunirushia jiwe ukiwa nyuma ya kichaka, mama. Hao wanaocheka ndio wasiokujua."

Zdravka akacheka hadi machozi yakamtoka, na meya naye akacheka, bila kujua vizuri anacheka nini.

Alipofika barazani alimpigia Kosta.

"Amekufokea?"

"Nimemkuta na ufagio, akaniuliza jinsi ya kuwatoa wadudu."

"Ufagio? Ina maana hatujafungiwa matangazo?"

"Hatujafungiwa. Na mwezi ujao narudi kwenye siasa, Kosta. Kwa majina."

Kosta alishusha pumzi ndefu, kisha akasema sawa. Zdravka aliingia kwa Penka, akanunua banitsa mbili za moto, mikate ya tabaka yenye jibini, akazila palepale mlangoni mafuta yakimchuruzika vidoleni.