Rafu Iliyong'oka kwa Mama Mutie

“Mimi sijashika nyundo tangu Krismasi!” alisema Mama Wanjiro. “Na hata kama ningeshika, nije nigonge kwako nikitafuta nini?”

“Sasa nani amegonga? Panya?”

“Sanduku lako ndilo limegonga. Sanduku zima la bati, limejaa, unalipandisha juu ya karatasi. Softibodi ni karatasi, Mama Mutie! Hata mtoto anajua.”

“Karatasi hiyo imeshika miaka sita! Imeachilia wiki hii tu, wiki wewe umetundika kioo kipya!”

“Kioo nimekitundika kwa msumari wa zamani, kwa ukuta wa mawe. Njoo uone. Njoo!”

Nilikuwa nimesimama katikati ya ua, nimeshika mkono wa kikombe, na kikombe chenyewe hakipo. Vilikuwa kumi na viwili kwenye ile rafu iliyoanguka, vya maua ya bluu, maana nyumba yangu haikuzoea kukosa watu. Vilibaki vitatu. Wapangaji wote wa ploti walikuwa wametoka kusikiliza, Kalunde wa chumba cha kona akiwa mbele kama kawaida yake, na mimi, niseme ukweli, ningenyamaza mapema kama watu wasingekuwepo.

Hiyo ilikuwa Emali, mwaka wa themanini na tatu, Jumamosi mchana. Ploti yetu zamani ilikuwa ghala la mahindi. Mwenye ploti aliligawanya vyumba kwa softibodi, yale mabamba laini ya dari ambayo ukibonyeza kwa kidole yanabaki na alama. Bamba huku, bamba kule, katikati hewa, na nguzo za mbao za kuyashikilia. Nguzo zenyewe alizisimamisha popote mkono ulipomfikisha, mbili zimekaribiana, ya tatu mbali kule, kulingana na mbao alizookota. Halafu kila chumba akakitengea kona ya nguo, pazia mbele na rafu moja juu. Rafu yangu ilipigiliwa kwenye ukuta wa kati, kati yangu na Mama Wanjiro.

Mama Wanjiro jina lake ni Wariara. Yeye na mumewe Kinuthia walitoka Murang'a wakafungua duka kando ya barabara kuu. Alipofika hakujua kutwanga muthokoi, mahindi yanayotolewa maganda kwa kinu. Mimi ndiye niliyemshikisha mchi, nikamcheka malengelenge yake, halafu nikampaka mafuta. Ndiyo maana ule ugomvi uliwashangaza watu. Sisi tulikuwa wa kuazimana chumvi.

“Mwiteni fundi,” akasema Kalunde. “Fundi ndiye atasema ni kosa la nani.”

Akaitwa Kiilu, aliyekuwa akitengeneza vitanda pale malori yanapolala. Alikuja na mfuko wake wa gunia, akachungulia kwenye kona yangu, akacheka.

“Mama Mutie, huyu aliyepigilia hii rafu alikuwa adui yako. Ona. Misumari yote imeingia hewani. Hakuna hata mmoja uliogusa nguzo. Ilikuwa inashikwa na rangi tu na maombi yako.”

“Umesikia?” akauliza Mama Wanjiro kutoka mlangoni.

“Nimesikia,” nikasema, lakini shingo upande.

“Basi ingia na wewe, mama,” Kiilu akamwambia. “Huu ukuta ni wenu wawili. Nikitoboa nikapitiliza, usije kesho kuniambia nimevunja chako.”

Akaingia, akasimama amekunja mikono. Sanduku lilikuwa sakafuni, limefunguka lilipoanguka, na mashati ya Muthama yamemwagika nje: sita, yamepigwa pasi, yananuka naftalini, dawa ya nondo. Muthama ni mume wangu. Ploti yote ilijua yuko Mombasa, bandarini, kazi haimpi nafasi, lakini salamu anatuma. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia. Mutie, mtoto wetu, alikuwa kwa nyanya yake Ikutha. Mama Wanjiro aliyatazama yale mashati, akainama, akayakunja moja moja na kuyarudisha. Nilitamani aendelee kunitukana.

Kiilu akaanza kutafuta nguzo ukutani. Fundi hugonga kwa mpini wa nyundo, halafu anasikiliza: palipo wazi panalia kama debe, palipo na nguzo panajibu kwa sauti fupi. Lakini malori yalikuwa yakinguruma barabarani na Kiilu sikio lake moja halikuwa zima. Akagonga, akakisia, akazungusha skrubu. Ikazama kama kwenye mkate. Akasogea kidogo, akatia nyingine. Ikazama.

“Hii nyumba ilijengwa na mlevi,” akasema.

Akaiweka ya tatu. Tundu tatu kwenye ukuta wangu! Uvumilivu ukaniisha.

“Wewe Kiilu, wacha kunitoboa! Nguzo iko hapa.” Nikaweka kidole. “Ya pili iko hapa, shubiri mbili kutoka kwa kalenda. Hapa katikati ni tupu, na hapa pia tupu kabisa. Ile ya mwisho iko huku karibu na dirisha, lakini haifiki juu, inaishia hapa begani.”

Kiilu akaigonga ya kwanza. Sauti fupi. Akaigonga ya pili. Akatia skrubu, ikauma mbao, ikalia. Akageuka, meno yote nje.

“Aiya! Mama, wewe ndiye fundi! Umejuaje?”

Nikacheka. Nilikuwa nimeanza kujibu jambo fulani, utani tu, nilipoona uso wa Mama Wanjiro.

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anatazama ukuta, chini ya pale rafu ilipokuwa, pale nilipokuwa nimesema ni tupu kabisa. Palikuwa na alama. Rangi yote ya ukuta ilikuwa imefifia, lakini hapo palikuwa panang'aa, duara la ukubwa wa shavu, la mafuta ya nywele. Na chini yake kilikuwa kigoda changu kidogo, ambacho hakikuwa na kazi nyingine kwenye kona ya nguo.

Alikuja polepole, akakaa kwenye kigoda. Akainamisha kichwa, akaweka sikio pale.

Upande wa pili Wanjiro, binti yake, alikuwa akisoma kitabu cha shule kwa sauti, kama walimu walivyowaagiza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu mbali na sikusikia ila mnong'ono. Lakini nilijua yeye anasikia nini. Kila neno. Hata anapomeza mate.

Nitasema sasa alichokuwa akikifikiria, maana mimi nilikijua kabla yake.

Wariara alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na Wariara hakujua kusoma. Hakuna aliyeijua siri hiyo ila mumewe. Kila Jumatano jioni Kinuthia alimsomea mistari ya mkutano wetu wa Alhamisi, naye akairudia mpaka ikakaa kichwani, na Alhamisi alisimama mbele yetu, Biblia mkononi, akasoma bila kukosea. Darasa la ngumbaru la watu wazima lilikuwepo hapohapo kanisani, bure. Lakini mwenyekiti angeketije benchi moja na anaowaongoza? Basi mwaka ule Kinuthia akamnunulia kitabu cha kuanzia, wakaanza wenyewe, taratibu, kwa sauti za chini. Ba, be, bi. Mimi nilikuwa kigodani. Ilinifurahisha, naapa. Jioni zangu zilikuwa ndefu, nyumba ikishaondokewa na wageni, na kumsikia mtu mzima akishika neno zima kwa mara ya kwanza, halafu mumewe akimpigia makofi kidogo, ilikuwa kama kukaa nao mezani.

Halafu nikaenda kuteka maji stesheni. Foleni ilikuwa ndefu, hadithi zilikuwa zimekwisha, na watu wananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye hadithi. Nikamwigiza Wariara na kitabu chake. Nikatoa macho, nikafuata hewa kwa kidole: ba, be, bi. Kalunde alicheka mpaka akaketi juu ya mtungi wake.

Alhamisi iliyofuata Wariara aliposimama, Kalunde akamwambia, “Mama mwenyekiti, leo tusomee mlango mwingine,” akamfungulia. Wariara akautazama ule ukurasa. Akaweka kidole. Akasema macho yanamsumbua. Na Kalunde, kwa sauti ya kusaidia, akasema, “Anza na ba.”

Walicheka. Mimi nilichekea puani tu, lakini nilicheka. Wariara aliifunga Biblia, akaiweka kitini, na tangu siku hiyo hakurudi Alhamisi.

Lakini si hapo penye uzito. Uzito ni miezi minne iliyofuata. Nilimsikia akimlaumu Kinuthia. Umenianika dukani kwa wanaume wenzako, alimwambia. Kinuthia akaapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake. Hakumwamini. Kile kitabu akakitia sandukuni. Nilisikia kufuli. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, sikio ukutani, nikijua neno moja tu lingetosha, ‘Ni mimi’, na neno lenyewe likawa zito kuliko lile sanduku la bati. Asubuhi nilimsalimia mume wake dukani, nikanunua kiberiti, nikamwona macho yamevimba, nikamwambia jua ni kali.

Sasa Wariara aliinuka kutoka kigodani. Kiilu alikuwa ameacha bisibisi hewani.

“Siri yangu ilitokea hapa,” akasema.

“Mama Wanjiro...”

“Nimemnyima mume wangu usingizi miezi minne. Nilimwambia hatagusa tena kitabu mbele yangu.” Sauti yake haikupanda. “Nilikuwa nimebakisha kurasa nane, Mama Mutie. Nane.”

“Nilidhani ni kichekesho. Sikujua Kalunde atafanya vile.”

“Ulimjua Kalunde kabla mimi sijafika Emali.”

Mimi, Mbula mwenye hadithi zote, nikainama kuokota vigae! Kiilu akajifanya anatafuta skrubu mfukoni.

“Na unafikiri mimi ni kiziwi?” Wariara akaniuliza. “Unafikiri huu ukuta unapitisha upande mmoja? Ile barua yako ya Mombasa, ya mwezi wa pili. Uliisoma kwa sauti, mara tatu. Nilikuwa nakunja nguo pale, sikutaka, nikasikia. Kwamba ana mke huko. Kwamba usimngoje.” Akatazama sanduku. “Nilimwambia nani?”

Hakuna. Kinuthia pengine, na hata hilo sidhani. Mwaka mzima karibu nilikuwa nikiwagawia watu chai na salamu za Muthama, na yeye amekaa kati yao, akipokea salamu kama wengine, akisema, “Mwambie na sisi tunamsalimia.”

Akatoka. Mlango wake ukafungwa, si kwa nguvu.

Kiilu alimaliza kazi. Alipigilia ubao mrefu kutoka nguzo hadi nguzo, skrubu nne zote zikauma, halafu akaiketisha rafu juu ya ubao huo. Akaning'inia kwa mikono miwili kunionyesha. Haikutikisika.

“Sasa hii hata ukilala juu yake,” akasema. “Nikurudishie sanduku?”

“Liache chini.”

Alipoondoka nilifagia vigae. Nilichukua kitambaa na sabuni, nikapiga magoti, nikasugua lile duara la mafuta. Softibodi haioshiki. Maji yaliingia, pakafura, pakawa peusi zaidi. Nikaacha.

Kalunde akaja dirishani, shingo mbele. “Mama Mutie! Fundi amesemaje? Kwani mwenzako ametoka amenuna kuna nini?”

Mdomo ulikuwa na jibu tayari. Miaka yote haukuwahi kukosa.

“Hakuna,” nikasema.

“Hakuna kabisa?”

“Nenda upike, Kalunde.”

Akabaki kidogo, akaona sikaribishi, akaenda. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiondoka dirishani kwangu mikono mitupu.

Nikakaa kitandani. Upande wa pili nilisikia Kinuthia akirudi kutoka dukani. Nilisikia Wariara akimwambia keti. Halafu akaanza kusema naye kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini sana, na mimi nikaondoka pale kitandani, nikaenda mpaka mlangoni, mbali na ukuta, nikasimama huko nikitazama kuku wa watu uani. Hata huko niliisikia sauti ya Kinuthia, moja tu, kama mtu aliyetua gunia. Sikujua ni kicheko ama ni nini. Kwa mara ya kwanza sikutafuta kujua.

Nilifikiri watahama. Nilifikiri kesho kanisani atasimama aniseme, na nikaona ni haki yake. Nilifikiri kuhusu mtu wa kumpa yale mashati. Giza lilianza kuingia na sikuwasha taa wala stovu. Ningempikia nani?

Ndipo ukuta ukagongwa. Mara mbili, polepole, pale penye nguzo.

“Mbula.”

Miaka sita hakuwahi kuniita kwa jina langu.

“Naam.”

“Sijasikia ukiwasha stovu.”

Nilisikia sahani zikipangwa, na Wanjiro akisogeza kiti, na mwiko ukikwangua sufuria.

“Muthokoi umeiva,” akasema. “Njoo ule.”