Panya Aliyekimbizwa kwa Kidole

Enzi za Mwingereza, kwenye shamba moja la kahawa huko Mbozi, Amoni alipewa kazi iliyowavunja watu mbavu: kulea panya. Si wale wa porini wa kubanika na kulia ugali, la! Panya weupe wa Bwana Daktari, kila mmoja na kizimba chake cha waya na gurudumu lake. Panya akipenda, anapanda na kukimbia. Asipopenda, analala zake. Kisaa pembeni kinahesabu mizunguko. Sharti lilikuwa moja tu: asilazimishwe hata mmoja.

Wala haukuwa mchezo. Meneja alitaka kuondoa maharage kwenye posho ya vibarua, wabaki na unga mtupu. Daktari akamwambia ngoja kwanza. Nusu ya panya aliwalisha unga na maharage, nusu unga peke yake, aone wepi watakuwa na nguvu za kukimbia kwa hiari yao. Wa maharage walikimbia hasa. Wa unga walijikunyata. Amoni alifurahi, maana shemeji yake, Lwitiko, kaka wa mkewe, alikuwa kibarua palepale.

Jumapili moja, baada ya ibada, baba mkwe wake, mzee Andongwisye, akaja kuiona hiyo kazi inayosemwa. Jamani, mkwe! Mkwe hapokewi ovyo. Mzee akapita kizimba hadi kizimba, akasimama mbele ya panya mmoja wa unga aliyelala tu.

"Huyu mbona hafanyi kazi? Mlezi wake si wewe?"

Pale kwao mfugo ukidhoofu, anayechekwa ni mfugaji. Amoni akaona uso unamwaka. Angeweza kueleza, hakueleza. Alipenyeza kidole, akalizungusha gurudumu. Panya akakurupuka, akakimbia kwa hofu. Akisimama, kidole tena.

"Hapo sasa!" mzee akapiga makofi. "Kumbe binti yangu kaolewa na mtu!"

Sifa zikamnogea, akasukuma mpaka mgeni alipochoka kutazama. Mgeni njoo, mwenyeji apone? Mwenyeji huyu alijimaliza mwenyewe.

Asubuhi yake Daktari akakisoma kile kisaa, na meneja alikuwepo. Meneja akadakia, "Unaona? Huyu anakula unga mtupu, na kawashinda wote!"

Amoni akasema, macho chini, "Ni mimi, Bwana. Nilimzungushia kwa kidole, mkwe alikuja."

Daktari akamtazama. "Na wengine?"

"Sikuwagusa, Bwana. Haki ya Mungu."

"Nitajuaje?"

Hakuuliza kwa hasira, na hapo ndipo aibu ilipomchoma Amoni. Daktari akazifuta hesabu zote, za panya wa unga na za wa maharage.

"Basi huna ushahidi," meneja akasema, akavaa kofia yake, akatoka.

Jumamosi vibarua wakapimiwa unga tu. Jioni mzee Andongwisye akapiga hodi kwa Amoni, kikapu mkononi.

"Mkwe, maharage wametunyima. Nimekuja kumwombea Lwitiko kidogo."

Amoni akaingia ndani, akamimina kikapuni maharage yote aliyoweka ya mbegu. Mzee akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mkwe. Laiti kule shambani tungekuwa na mtu mmoja tu wa kututetea, mwenye moyo kama wako."

Amoni alitamani atukanwe. Alimbebea mkwe wake kikapu hadi njia panda, na njia nzima hakuweza kumtazama usoni.