Nguo za Gari

Siku Edinah aliporudi kutoka Litein na kusema gari limechelewa tena, kina mama wote walishika vichwa. Mimi nilimweka mwanangu Chelangat kwenye titi nikainamisha uso, ili wasione ninavyofurahi.

Tulikuwa tumekaa nje ya kituo cha majani hapa Boito. Chai yetu ilikuwa imeshapimwa na lori la kuichukua halijaja. Majani yakikaa kwenye magunia muda mrefu yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakitaki majani mekundu. Ndiyo sababu kikundi chetu cha kina mama kiliagiza gari lake: lori dogo, jipya, la kuundwa kiwandani kwa jina letu, si lile la kutoka Japani ambalo limeshachoshwa na mwenyewe wa kwanza. Lingebeba majani yetu, na siku za soko lipeleke kabichi Mulot.

"Wanasema vyuma vimekwama Mombasa," Edinah alieleza. Yeye ndiye mwenyekiti wetu, na ndiye aliyekuwa akienda kupiga simu. "Hii El Nino imebeba madaraja. Makasha hayapiti. Tungoje mwaka mpya."

"Mwaka mpya upi?" akauliza Kipkurui. Huyu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu Kimeli. Hakuwa mwanachama, lakini hakuna mkutano wa kina mama aliowahi kukosa. "Mimi niliwaambia. Kuna jamaa Nairobi ana magari ya Japani yamejaa uwanja mzima. Unalipa asubuhi, jioni uko barabarani."

"Nani yuko barabarani?" Edinah akamuuliza.

"Mimi, nani mwingine? Kwani hapa kuna dereva? Au mtalisukuma?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mkataba wetu ulikuwa huu: siku gari likifika, litaendeshwa na mwanachama mwenye leseni. Akikosekana, ufunguo apewe Kipkurui. Na kila mtu alijua maana ya kumpa Kipkurui ufunguo. Trekta ya marehemu baba yao alipewa aishike msimu mmoja tu. Mpaka leo iko kwake, na hata mama yake mzazi akitaka kulimiwa, anamwomba kama anayeomba ruhusa kwa chifu.

Mwanachama aliyekuwa akijifunza kuendesha alikuwa mmoja, mimi. Na nilikuwa nimetoka kuanguka mtihani.

Kusoma hakukunishinda. Shule niliiacha mapema, lakini masomo ya jioni ya watu wazima niliyamaliza nikiwa na mimba ya Chelangat, tumbo halitoshi kwenye madawati ya watoto. Kitabu cha sheria za barabara nilikisoma nikikoroga ugali. Ile meza ya mtihani yenye barabara za kuchorwa, ambapo unasukuma kigari cha mbao ukieleza kila kona, niliichora nyumbani sakafuni kwa jivu. Kimeli akitoka zamu kiwandani alikuwa analazimika kuruka mzunguko na makutano ndipo afikie chakula chake. "Nimepita taa nyekundu," angesema. "Unishike au unipakulie?"

Kilichoniangusha ni mlima. Mtahini alinisimamisha katikati ya mteremko, akaniambia niondoke kupanda. Gari likarudi nyuma. Nikakanyaga breki, injini ikazima. Nikawasha, likarudi tena. "Mama, nenda nyumbani ukanyonyeshe," akaniambia. Alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma.

Kwa hivyo Edinah aliposema mwaka mpya, mimi nilisikia kwamba nimeongezewa muda.

Wenzangu walingoja kwa namna yao. Walianza kufuma vitambaa vya kutandika viti vya gari, vyeupe, vyenye maua pembeni, kama vile vya sebuleni. Walikuwa wanafuma wakingoja zamu ya kupimiwa. Mama mkwe wangu, Kogo Jerusa, yaani nyanya Jerusa, alipowaona alikasirika kweli.

"Mtoto hajazaliwa, mnamshonea nguo?"

"Kogo, hili ni gari."

"Ndiyo nasema. Mnalishonea na hamjaliona sura. Mimi nimezaa mara nyingi kuliko nyinyi nyote, na hakuna hata mmoja niliyemwandalia shuka kabla sijasikia akilia."

Kina mama wakaficha vitambaa chini ya vikapu, akipita wakaendelea.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Jackton Ojwang, dereva wa shamba kubwa la chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Alikuwa na pikapu yake kuukuu iliyokosa mlango mmoja. Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kwenye barabara ya mteremko kati ya mashamba, mkewe Wilkista akinishikia mtoto.

"Nyar Boito," alikuwa ananiita, yaani binti wa Boito, "mbona unaiachilia klachi kama umeshika kaa la moto? Polepole."

"Naiachilia polepole, Bwana Ojwang."

"Hiyo polepole yako imenivunja shingo."

Tulirudia mpaka pikapu ikanuka. Jumapili moja mvua ilinyesha tukakaa ndani tukingoja, Wilkista akanipa Chelangat anyonye. Akalala. Nikaanza kumtoa kwenye titi. Kila mama anaijua hiyo kazi. Hutoi ghafla, maana ataamka apige kelele. Unatoa kidogo, unasikiliza, unangoja ulegee ule mdomo, ndipo unatoa kidogo tena. Nikamrudisha kwa Wilkista bila kumwamsha. Nikakanyaga klachi, nikatia gia, nikaachilia mguu hivyo hivyo, nikisikiliza. Pikapu ikatetemeka kidogo, ikashika, ikapanda.

Tulipofika juu, Bwana Ojwang alinigeukia. "Sasa hiyo," akasema, "nani amekufundisha?"

Mtihani niliupita mwaka mpya ulipoanza, kwa mtahini yule yule. Hakusema neno la kunyonyesha. Na majuma machache baadaye Edinah alirudi kutoka Litein akikimbia, viatu mkononi: gari liko Nakuru, twende tukalichukue.

Tulikwenda watu watatu, mimi, Edinah, na Kipkurui, aliyesema hawezi kuacha wanawake waende kudanganywa. Chelangat nilimwacha kwa Kogo Jerusa na uji. Edinah alibeba vitambaa vyote kwenye mfuko.

Pale uani kwa wauzaji, kijana wa ofisi alitutembeza mpaka mwisho wa safu akasema, "Hili hapa. Hongereni."

Tulitazama. Mbele palikuwa na kebini nyeupe, inang'aa, inanuka upya. Nyuma hapakuwa na kitu. Palikuwa na vyuma viwili virefu vyeusi, magurudumu, na hewa. Ungeweza kuona mchanga wa chini.

"Hiyo ingine iko wapi?" Edinah akauliza.

"Ingine gani, mama?"

"Ya nyuma. Ya kubebea."

Kijana akaeleza kwamba malori yote hutoka kiwandani hivyo. Mwenye gari hupeleka kwa fundi, akajengewa bodi ya mahitaji yake. Sote tuliojadili rangi na viti miezi yote hiyo, hakuna aliyejua kwamba lori haliji na mgongo. Malori tuliyoyajua sisi yalikuwa yale yanayochukua chai yetu, nayo tuliyakuta yamekamilika.

Kipkurui alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo ni nusu! Mmeuziwa kichwa cha ng'ombe! Mama Chelangat, majani utabeba mapajani?" Halafu akaacha kucheka, akamgeukia Edinah kwa sauti ya chini. "Dada, sikiza. Msilipokee. Warudishe pesa, niende Nairobi leo hii niwaletee gari zima. Ukifika Boito na mifupa hii, wale kina mama watakula wewe."

Niliona Edinah anayumba. Alikuwa amebana ule mfuko wa vitambaa kifuani, na machozi yalikuwa karibu. Nami nilijua nusu gari lenye jina letu likibaki Nakuru, gari zima litakalokuja Boito litakuwa la Kipkurui.

"Edinah," nikasema, "injini iko?"

"Sijui."

"Iko," kijana akajibu.

"Usukani uko. Magurudumu yako. Kilichokosekana ni mbao, na sisi tunakaa kwenye miti." Nikamnyoshea kijana mkono. "Naomba ufunguo."

Akamtazama Kipkurui kwanza. Nikatoa leseni, nikaiweka kwenye kiganja chake. Akaisoma, akanipa ufunguo.

Tulipita Molo kwenye ukungu, tukateremka Kericho. Lori tupu linarukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Kipkurui aliyekaa kando ya mlango alikuwa anakanyaga breki zisizokuwapo. "Malizia kona! Gia! Gia, mama!" Edinah alikuwa amepakata ule mfuko. Mara moja tu alitoa kitambaa kimoja, akakitazama, akakirudisha.

Lami ilituacha baada ya Litein. Na ule mlima wa mwisho kabla ya kituo, ambao El Nino iliuchimba ukabaki matope na mifereji, ulikuwa umelowa tena. Juu yake watu walikuwa wamejaa. Niliwaona kina mama wote, wamevaa nguo za kanisa, na majani ya sinendet mikononi, ule mmea wa kutambaa tunaomvika anayerudi na ushindi.

Tulifika katikati, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza bure. Nikasimamisha kabla hatujaingia mferejini. Breki ya mkono ikashika.

Juu kule walikuwa wameona. Nyimbo walizokuwa wakiimba zikakatika. Mtu mmoja akapiga kelele, "Limekatika nyuma!" Wakateremka mbio, wakalizunguka, wakawa wanachungulia pale nyuma pasipo kitu.

"Shuka," Kipkurui akaniambia. "Umejaribu. Nipe nilitoe hapa."

Nilibaki nimeshika usukani. Lori lisilo na mzigo halina miguu, Bwana Ojwang aliniambia hivyo mara nyingi. Kabla sijajibu, Kogo Jerusa alifika, Chelangat mgongoni, akalizunguka gari polepole, akapapasa vile vyuma viwili mpaka mwisho. Kina mama wakamngoja aseme yale yake.

"Mbona mmenuna?" akauliza. "Nani kati yenu alizaliwa amevaa?"

Mtu akacheka puani.

"Mtoto amekuja mzima, ana macho, ana miguu. Nguo tutamshonea sasa, tumeshamwona kimo. Si ndivyo inavyofanywa?"

Sasa walicheka wote, hata Edinah, aliyekuwa amelia njia nzima kwa ndani. Nikatoa kichwa dirishani.

"Linataka uzito nyuma! Pandeni kwenye chuma, mshike sana! Kipkurui, na wewe. Wewe ndiye mzito kuliko wote."

"Mimi? Nikae hapo na nguo hizi?"

"Shemeji, ulikuja kutusaidia ama hukuja?"

Akapanda. Alikalia chuma katikati ya kina mama wawili, koti lake jipya likiwa na matope, na mmoja wao akamshika mkanda asianguke. Wengine wakatupia mawe na matawi kwenye mifereji. Niliwasha. Chelangat alikuwa ameanza kulia huko nje, amesikia sauti yangu, na maziwa yakanitoka yakalowesha blauzi. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza. Nikaachilia mguu kidogo, nikasikiliza. Nikangoja. Kidogo tena. Gari likatetemeka, likashika, nikaachia breki ya mkono, na tukapanda.

Juu walinivika sinendet shingoni, nyingine wakafunga mbele ya kebini. Nilimpokea mtoto wangu nikamnyonyesha pale pale nyuma ya usukani, maana hakuwa na subira tena. Kipkurui alikuja dirishani akijifuta suruali kwa majani.

"Ufunguo utalala wapi?" akauliza.

"Kwa mwenye leseni," akajibu Kogo Jerusa, kabla yangu.

Huko nyuma mabishano ya bodi yalikuwa yameshaanza. Edinah alitaka mbao zenye nafasi, hewa ipite majani yasipate joto, na kulabu za kutundika magunia. Mwingine alitaka turubai ya siku za Mulot. Wilkista, aliyekuja na Bwana Ojwang kuona, alikuwa anapima urefu kwa leso yake, akihesabu kwa sauti. Ule mfuko wa vitambaa ulikuwa umefunguliwa, na Kogo mwenyewe alikuwa akichagua kimoja, akikinyosha kwenye kiti kando yangu.